Jumba la Sultani au Kanisa la Mkunazini?

Ndugu msomaji, tuseme umefika Dar es Salaam kwa shughuli zako, harusi au tiba au kesi ya shamba, na siku moja imebaki mkononi. Jamaa zako wanakuambia, "Panda boti ukaone Unguja, jioni utakuwa umerudi." Ni kweli. Boti za siku hizi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, na mtu aondokaye asubuhi aweza kulala Dar es Salaam usiku uleule. Lakini ukishuka gatini Malindi utakuta kwamba saa ulizo nazo ni chache, jua ni kali, na miguu ya wale ulioandamana nao haina nguvu sawa. Ndipo swali linapokuja: uende wapi? Wengi hutajiwa mahali pawili. Pa kwanza ni jumba la masultani, lililo kando ya bahari. Pa pili ni kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Swali hilo lilinikuta mimi mwezi wa Agosti 2016, na leo nataka kukusimulia jinsi nilivyolijibu, na jinsi ambavyo ningelijibu kama ningepewa siku ile tena.

Kwanza unijue. Mimi ni karani wa parishi hapa Likombe, mjini Mtwara. Chuoni nilisomea ualimu, lakini kazi niliyoipata ni hii ya kuandika vyeti vya ubatizo na ndoa, kuhesabu sadaka na kutafuta majina katika vitabu vya zamani kwa ajili ya watu wanaotaka kuthibitisha umri wao. Mtu akaaye na vitabu vya namna hiyo huzoea kuziangalia nafasi zilizoachwa tupu. Katika cheti cha babu yangu mzaa baba, aliyebatizwa Masasi, mahali pa kuandika kabila pamepigwa mstari tu. Nilipokuwa kijana nilimwuliza baba sababu yake. Akasema, "Karani alisahau." Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa karani, nilitambua kwamba makarani hawasahau namna ile.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Unguja alivuka bahari mpaka Lindi akiwa na kundi la watu walioachwa huru kutoka utumwani, akaenda nao bara mpaka Masasi, na huko wakajenga kijiji. Wengi wao walikuwa wamechukuliwa wadogo, tena kutoka mbali, kwenye nchi za Ziwa Nyasa na kando yake, hata wengine hawakuweza kusema kwao ni wapi. Bibi yake babu yangu alikuwa mmoja wa watu hao. Kwetu habari hiyo ilisemwa kwa sauti ya chini, na wageni wakija haikusemwa kabisa.

Upande wa mama yangu ni watu wa Mikindani, Waislamu, watu wa bahari na vyombo. Baba alipopeleka posa huko ilikataliwa mara mbili. Dini ilitajwa, lakini iliyouma zaidi ni neno jingine, kwamba mtu yule hajulikani shina lake. Mara ya tatu wakakubali, kwa shingo upande. Hayo yote yalipita kabla sijazaliwa, nami nilikuwa nikienda Mikindani kila likizo nikipendwa kama mjukuu ye yote. Ila neno lile nililisikia, na neno la namna hiyo halizeeki.

Basi mwezi ule wa Agosti tulikwenda harusini Mbagala, mimi pamoja na dada yake mama yangu, mama mkubwa, aliyekuwa amepita miaka sabini. Harusi ikaisha siku ya Jumatano. Alhamisi usiku mama mkubwa akaniambia, "Mwanangu, mimi ni mtoto wa pwani, na Unguja sijaiona. Nipeleke nikaione nyumba ya Seyyid kabla sijafa." Babu yake alikuwa baharia wa jahazi. Wakati wa kusi walipakia boriti na sandarusi na kushika njia ya kaskazini, na kila aliporudi aliwasimulia watoto habari za Beit al-Ajaib, nyumba yenye taa zisizotiwa mafuta na chumba kinachopanda juu chenyewe na watu ndani. Watoto walimwona mwongo. Kumbe alisema kweli. Nyumba ile, iliyojengwa na Sultani Bargash mwaka 1883, ilitiwa umeme na lifti mapema kuliko nyumba nyingine za huku kwetu.

Nilikubali kwa furaha, lakini moyoni nilikuwa na safari yangu mwenyewe, nayo ni ya Mkunazini. Sikumwambia sababu yake. Ningeanzaje?

Tulipaswa kuondoka saa moja asubuhi. Bahari ilikuwa imechafuka kwa kusi, tukangoja gatini, tukaondoka karibu saa tatu. Kama tumbo lako si la baharia, msomaji, mwezi wa Agosti kaa katikati ya boti upande wa nyuma, wala usile chapati kabla ya kupanda. Mimi nilikula mbili. Mama mkubwa alikaa wima safari nzima akitazama mawimbi kama mtu atazamaye shamba lake, akinipa limau ninuse.

Tulishuka saa tano. Boti ya kurudi ilikuwa ya saa kumi, na abiria hutakiwa kufika mapema. Tena ilikuwa Ijumaa, siku ambayo saa za adhuhuri mji ule hutulia na milango mingi hufungwa mpaka watu watoke msikitini. Nikapiga hesabu, nikaona kwamba kwa mwendo wa mama mkubwa, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua, tutaweza kuona mahali pamoja vizuri, pa pili labda kwa kupita tu. Nikajaribu kuanza na pangu. Nikasema, "Mama, kanisa lile lina sifa kubwa duniani, wageni huja kutoka Ulaya kuliona." Akanijibu, "Hao wa Ulaya makanisa hawana?" Nikanyamaza. Mkubwa ni mkubwa, naye ndiye aliyeomba safari. Tukaenda jumbani.

Jumba hilo kwa jina lake la zamani ni Beit al-Sahel, maana yake nyumba ya pwani. Hutembei sana kutoka gatini, ukifuata barabara ya Mizingani na bahari iko mkono wako wa kuume. Ni jumba jeupe, kubwa bila mapambo mengi, na ukuta wake umekatwa vipembe juu kama ukuta wa ngome. Hapo zamani palikuwa na majumba matatu yaliyopakana. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Bargash alipokalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao zikayapiga majumba hayo mizinga kwa muda wa dakika arobaini hivi, vita vifupi kuliko vyote vinavyoandikwa katika vitabu. Beit al-Hukm haikuinuka tena. Beit al-Sahel ikajengwa upya, masultani wakakaa humo mpaka tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, Sultani Jamshid alipokimbia kwa merikebu. (Mzee yule aliishi Uingereza miaka mingi, akarudi Oman mwaka 2020, akafariki huko mwisho wa mwaka 2024.) Baada ya Mapinduzi jumba likaitwa la Wananchi, likawa la ofisi, na tangu mwaka 1994 likafanywa makumbusho.

Mama mkubwa alipanda ngazi zile polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwangu. Ndani tuliona viti vya enzi, picha za masultani waliovaa majoho na majambia, mikataba waliyoandikiana na mataifa ya ng'ambo, na meza ndefu ya kulia chakula. Kitanda kikubwa cha mti mweusi alikipima kwa macho akasema, "Hiki kingeingia wapi kwetu?" Katika vyumba vya masultani wa mwisho kuna kabati za fomaika, zile zile ambazo watu wa miaka ya hamsini waliziona ni utajiri mpya. Hapo alicheka sana, akasema kabati kama hiyo alikuwa nayo fundi cherehani wa Mikindani. Nakiri kwamba nami nilifurahi. Ukisimama barazani juu, upepo wa bahari unakupiga usoni, na vyombo vinapita chini yako. Wakati huohuo mtu mmoja ndani yangu alikuwa akiuliza: fedha ya vyote hivi ilitoka wapi? Jibu nilikuwa nalikumbuka tangu masomo ya historia. Ilitoka kwenye karafuu zilizopandwa na kuchumwa na watumwa, na kwenye ushuru wa bandari za pwani, Kilwa na nyinginezo, ambako watumwa wenyewe walikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotozwa ushuru. Katika vyumba tulivyopita, nilitafuta habari hiyo nikaiona imeandikwa kidogo mno.

Lakini iko mahali pamoja ambapo haikufichika, na wala si mimi niliyeiona. Ni katika chumba kilichotengwa kwa ajili ya Bibi Salme, binti wa Seyyid Said. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akajifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wanawake hawakufundishwa kuandika. Mwaka 1866 akakimbia Unguja, kisha akabatizwa Aden na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akaitwa Emily. Mumewe alikufa upesi, akabaki Ujerumani na watoto wadogo watatu. Kitabu cha maisha yake kilipigwa chapa mwaka 1886, naye akafa mwaka 1924 bila kupata tena nafasi katika nyumba ya baba yake. Mwongozaji wetu, kijana mwenye adabu, alieleza hayo yote, kisha akasema kwamba mama yake Salme alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa utotoni kwao na kuuzwa.

Mama mkubwa akamsimamisha. "Alinunuliwa?"

"Naam, bibi. Masuria wote wa Seyyid walikuwa wa kununuliwa. Hata mama yake Seyyid Bargash alikuwa suria, Mhabeshi."

"Na watoto?"

"Watoto ni watoto wa Sultani. Wakatawala."

Mama mkubwa hakusema neno. Akakaa juu ya kiti cha mlinzi, ambacho hakikuwa cha kukaliwa na wageni, na mlinzi hakumwambia kitu. Mimi nilidhani ni goti.

Tukatoka kabla ya adhuhuri. Beit al-Ajaib iliyo jirani ilikuwa imefungwa kwa ubovu tangu miaka kadhaa nyuma, basi tukaitazama kutoka nje, ghorofa zake na nguzo zake za chuma na saa yake mnarani, na mama mkubwa akasimama kwa niaba ya babu yake. Akasali kwa mama mmoja muuza kanga aliyetukaribisha uani kwake. Tukala urojo. Ilipofika saa nane na nusu nikaona siku imekwisha, nikaanza kutafuta teksi ya kutupeleka gatini tukangoje boti huko.

"Na kanisa lako?" akauliza.

Nikamwambia hakuna wakati. Akasema, "Uliniletea limau lako baharini?" Limau lilikuwa lake, lakini nilielewa. Tukaenda.

Kwa teksi hufiki ndani kabisa, maana mitaa ya Mji Mkongwe ni myembamba, punda wawili hawapishani. Tukatembea kipande kilichobaki. Mlangoni mama mkubwa akaona baraza ya jiwe yenye kivuli akasema yeye ataketi hapo, niingie mimi upesi. Nilikuwa na dakika ishirini.

Sikiliza basi, msomaji, dakika ishirini zinaweza kukuonyesha nini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi wa Juni 1873, Sultani Bargash alipotia sahihi mkataba kwa kusukumwa na Waingereza. Misheni ikapata kiwanja, na mwaka huohuo ujenzi ukaanza. Ibada ya kwanza ilifanywa siku ya Krismasi 1877, paa likiwa bado. Steere alisimamia kazi mwenyewe. Paa lake si la mbao wala mabati. Ni tao moja refu la mawe ya matumbawe na saruji, nalo limekaa juu ya kuta bila nguzo ya katikati. Watu walitabiri litaanguka siku ya kuondolewa majukwaa. Halikuanguka. Karibu na mlango mkubwa ziko nguzo chache zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini na mafundi wakaziweka walivyoona wao, naye aliporudi akaziacha. Mimi niliyewahi kusimamia ujenzi wa choo cha parishi nilimwelewa kabisa.

Husimuliwa pia kwamba Sultani Bargash alimwomba Steere asiupandishe mnara wa kanisa juu kupita nyumba yake ya Ajaib, na askofu alipokubali, Sultani akatoa zawadi ya saa ya mnarani. Kwa hiyo ukisikia saa ya kanisa lile ujue jumba nalo linasema ndani yake.

Mbele, karibu na altare, liko duara la marumaru sakafuni. Wanasema hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa, ili mnunuzi aone ni nani mwenye nguvu asiyelia. Nyuma ya altare amezikwa Steere mwenyewe, aliyekufa mwaka 1882. Sisi watu wa Kusini tunamkumbuka kwa Masasi, na wote tuandikao Kiswahili tuna deni lake la namna nyingine, maana kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuipanga lugha hii kwa ajili ya wanafunzi, na lahaja ya Unguja aliyoishughulikia ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili cha shuleni.

Na penye nguzo moja kuna msalaba mdogo wa mti. Huo ndio niliokwenda kuutazama. Umechongwa kutoka mti uliokuwa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, ambapo Livingstone alikufa mwaka 1873 na moyo wake ukazikwa chini ya mti huo. Mwili wake ulichukuliwa na Chuma na Susi na wenzao mpaka Bagamoyo, na Chuma huyo mwenyewe aliokolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861. Sasa kumbuka Livingstone alianzia wapi safari yake ile ya mwisho. Alianzia kwetu. Machi 1866 alishuka ghuba ya Mikindani pamoja na ngamia zake na punda na nyati, akashika njia ya Ruvuma. Pale Mikindani iko nyumba ya kale yenye kibao cha kumkumbuka, na nyumba ya mama mkubwa haiko mbali nayo. Mwaka ule ule wa 1866, Salme alikimbia Unguja. Nilisimama mbele ya kipande kile cha mti nikiona kama ramani ya nchi yangu yote inakunjwa na kutiwa katika kiganja kimoja.

Nilikuwa nimekusudia kusali hapo kwa ajili ya bibi yake babu. Nikafungua kinywa, nikakumbuka kwamba sijui jina lake alilopewa na mama yake. Cheti kinasema la ubatizo tu.

Nilipotoka mama mkubwa hakuwa peke yake, alikuwa akizungumza na wanawake wawili wa mtaa ule kama watu waliosoma pamoja. Teksi ilitupeleka mbio, tukaingia botini karibu wa mwisho. Kusi lilikuwa limetulia kidogo. Tulipoipita Chumbe na mnara wake wa taa, aliniuliza nimeona nini. Nikamweleza paa, nguzo, msalaba, saa ya Sultani. Kisha, sijui ujasiri niliupata wapi, nikamwambia sababu ya kwenda kwangu. Nikamtajia Masasi.

Akasema, "Najua. Sisi tulijua tangu siku ya posa. Ndiyo maana walikataa."

Nikakaa kimya. Naye akakaa kimya kitambo, kisha akaanza kusema huku akitazama maji.

"Nyumbani kwetu alikuwako bibi mmoja mzee, mimi nikiwa mtoto wa miaka sita au saba. Alitulea sote, mimi na mama yako. Alikuwa na chumba chake uani. Alikula baada yetu. Wageni wakiuliza ni nani, walijibiwa ni wa hapa hapa nyumbani. Siku moja nilimwuliza kwao ni wapi, akanionyesha kwa kidole upande jua linakozama, basi. Mama akanipiga kibao kwa swali hilo. Hata alipokufa sikupata kujua." Akanyamaza tena. "Leo yule kijana aliposema habari za mama yake Salme, nilimwona bibi yule amesimama mlangoni. Watu waliomkataa baba yako kwa kuwa hana shina walimkataa wakinywa chai aliyoipika yeye."

Biashara ya utumwa ilikwisha kwa mikataba ya Sultani, lakini msomaji, hali yenyewe ya utumwa haikufutwa kwa sheria huku Tanganyika mpaka mwaka 1922. Hata baada ya hapo wengi walibaki walipokuwa, kwa sababu hawakuwa na mahali pa kurudi. Haya nilifundishwa chuoni kama tarehe ya mtihani. Sikupata kufikiri kwamba alikuwa mtu uani kwa bibi yangu, aliyemwosha mama yangu mgongo.

Tulipofika Mikindani wiki iliyofuata aliniambia jina la bibi yule, akataka niliandike katika vitabu vyangu. Nikamweleza kwamba vitabu vya parishi vina sheria zake, na bibi yule alikuwa Mwislamu. Akasema, "Basi andika mahali." Niliandika katika daftari, ukurasa mmoja na jina la ubatizo la yule wa Masasi. Hapa gazetini sitalitaja, kwa kuwa wako walio hai ambao hawajaulizwa.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Mwaka 2019 nilipata nafasi ya kwenda tena peke yangu, nikaanza na Mkunazini nikiwa na saa tatu nzima. Niliona sanamu za Clara Sörnäs, zilizowekwa mwaka 1998, watu watano wamesimama ndani ya shimo na mnyororo shingoni. Zitazame bila haraka, nyuso hazifanani. Niliingia pia katika vyumba viwili vya chini ya jengo la jirani, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa ni vya kufungia watumwa. Hapo uwe mwangalifu. Jengo lililo juu yake ni la misheni, lilijengwa kuwa hospitali mwishoni mwa karne ya 19, soko likiwa limekwisha kufungwa, na wako wenye elimu ya historia wanaobisha kwamba vyumba vile viliwahi kuwa na watumwa. Kwangu mimi neno hilo halipunguzi kitu. Soko lilikuwapo pale, na duara la marumaru latosha.

Kwa hiyo, kama una siku moja, na hasa kama wewe ni mtu wa Mtwara, Lindi, Masasi au Tunduru, anza na Mkunazini asubuhi, miguu ikiwa na nguvu na kichwa kikiwa chepesi. Sisemi hivyo kwa kuwa ni karani wa kanisa. Sehemu kubwa ya watu waliouzwa pale walipitishwa katika nchi yetu, na wengine walitoka humo. Kisha teremka pwani, ukaingie jumbani saa za mchana, ukatafute chumba cha Salme kabla ya viti vya enzi. Ukifanya kinyume, kama nilivyofanya, utavutiwa na kabati. Wakikuambia makanisa makuu Unguja yako mawili wanasema kweli, maana lile lenye minara miwili karibu na Shangani ni la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, nalo ni zuri kwa picha zake za ukutani. Lakini siku moja haitoshi vyote. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, chukua kitambulisho. Usiende Ijumaa kama huna muda. Tena uliza mapema kama majumba yako wazi, kwa maana yamezeeka na hufungwa kwa matengenezo.

Siku ya Krismasi 2020, tulipokuwa tumetoka ibadani, habari zilienea kwa simu kwamba sehemu ya Beit al-Ajaib imeporomoka, na mafundi wawili waliokuwa katika kazi ya kuitengeneza wamekufa. Alasiri nilichukua pilau nikaenda Mikindani kumpelekea mama mkubwa. Alikuwa ameshasikia redioni. Alikaa mkekani, magoti yamefungwa kanga, akamsikitikia babu yake na nyumba yake ya taa, na zaidi wale mafundi. Kisha akaniuliza, "Na lile kanisa lako lipo?"

Nikamjibu kwamba lipo.

"Magoti yakipoa," akasema, "safari hii tutaanzia huko."

Hayajapoa bado.